Katubuka tulikuwa familia, Oldenburg tukaulizwa karatasi

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Mwanga, Kigoma, alinipigia simu. Ana mwenza Mjerumani, wana mtoto wa miezi minane, hawajafunga ndoa, na mkataba wa kazi wa yule mama unakwisha. Wanataka kuhamia Ujerumani. Akaniuliza, "Kaka, kwani ndoa si karatasi tu? Mwenzangu anasema kwao watu wanaishi hivyo hivyo mpaka wanazeeka." Nilimjibu mpaka salio likamwishia na bado sikumaliza. Namalizia hapa, maana najua hayuko peke yake.

Ni kweli, kwao watu wanaishi hivyo. Jirani zetu wa ghorofa ya chini hapa Oldenburg, kaskazini mwa Ujerumani, wana wajukuu na hawajawahi kufunga ndoa, na hakuna anayewanyooshea kidole. Lakini wale wote wawili wako kwao. Hakuna kati yao ambaye ruhusa yake ya kulala nchini inamtegemea mwenzake. Wewe unayetoka Kigoma unakwenda kama mgeni, na mgeni hawezi kuishi kwa mazoea ya mwenyeji.

Mimi na mwenzangu, naye Mjerumani, tulianza kuishi pamoja Katubuka, Kigoma mjini, mwaka 2017. Alikuwa muuguzi, akihudumia wakimbizi upande wa Kasulu, anarudi mjini mwisho wa wiki na vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Mimi nilikuwa na duka la vifaa vya umeme. Mwaka wa kwanza majirani walimwita Mzungu tu. Binti yetu alipozaliwa mwaka 2019, mama yangu alifika kutoka Ujiji na beseni lake na chupa ya mafuta ya mise, yale ya kokwa za mchikichi. Akamkanda mzazi kwa maji ya moto, akamnyoosha mtoto viungo, akampaka mafuta yale mpaka nyumba nzima ikanukia, na akakaa nasi siku arobaini. Toka hapo sikusikia tena mtu akisema Mzungu. Alikuwa Mama Fulani, kwa jina la mtoto ambalo silianiki humu, na mimi Baba Fulani.

Baba mdogo akapeleka barua ya posa. Kwa kuwa mwenzangu hakuwa na ndugu hata mmoja Kigoma, aliyeipokea ni baba mwenye nyumba wetu. Alikaa sebuleni kwake amevaa kanzu, akauliza kama mzazi hasa: kijana kazi yake nini, ana mtoto kwingine, akimuudhi binti yetu tumwendee nani? Mwenzangu alikuwa chumba cha pili na mke wake, anasikiliza, na baadaye aliniambia hakuwahi kujiona anathaminiwa kama siku ile. Mahari haikutajwa. Ndoa tukasema itakuja.

Haikuja. Na hatukuiona haja, kwa sababu Katubuka hakuna aliyetuona pungufu. Sheria yetu yenyewe inalijua jambo hili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160, inasema ikithibitika kwamba mwanamume na mwanamke wameishi pamoja miaka 2 au zaidi, na jamii ikawatambua kama mume na mke, watachukuliwa kuwa wameoana mpaka atokee wa kuthibitisha vinginevyo. Sisemi hiyo ni ndoa kamili. Inaweza kupingwa mahakamani, na wako wajane waliohangaika kuithibitisha huku ndugu wa marehemu wameshabadilisha kufuli. Ila angalia inaegemea wapi: kwa watu. Shahidi ni jirani, ni mjumbe, ni yule mama wa Kibirizi anayekwambia usinunue dagaa leo, mama watoto ameshachukua.

Ujerumani hakuna kifungu cha namna hiyo. Mnaweza kuishi chumba kimoja miaka thelathini. Mmoja akifa bila wosia, mwingine harithi hata kijiko. Kila mmoja anakatwa kodi kama mseja. Bima ya afya ya umma inamchukua bure mume au mke asiye na kipato, inachukua na watoto, lakini mwenza ambaye hamjaoana haimchukui. Miezi saba ya mwanzo, kabla sijapata kazi, bima yangu tuliilipa wenyewe, na kila mwisho wa mwezi tuliisikia.

Kabla ya hapo ilikuwa viza. Mtoto kwao alikuwa Mjerumani tangu kuzaliwa, kwa sababu ya mama yake. Mimi sikuwa mume wa mtu, kwa hiyo mlango pekee uliokuwapo ni kwamba mimi ni mzazi wa mtoto Mjerumani aliye chini ya miaka 18. Mlango huo una nafuu zake. Anayemfuata mke au mume hudaiwa mtihani wa Kijerumani cha mwanzo. Anayemfuata mtoto wake hadaiwi. Lakini lazima uwe mzazi mwenye haki ya malezi, na hapo ndipo tulipokwama. Tulidhani cheti cha kuzaliwa chenye jina langu kinatosha. Kwa sheria ya Ujerumani, wazazi wasiooana wana matamko mawili: baba kukiri kwamba mtoto ni wake, kisha wote wawili kutamka kwamba watamlea kwa pamoja. Bila hilo la pili, haki ya malezi ni ya mama peke yake. Tulikuwa tumefanya la kwanza, la pili hatukulijua. Maombi yakarudi, tukasafiri tena kutoka Kigoma mpaka Dar es Salaam, na mkataba wa mwenzangu ukaisha tungali tunangoja. Kosa ni letu, hatukusoma.

Tulifika Oldenburg mwaka 2022. Kadi yangu ya ukaazi inamtaja mtoto kama sababu ya mimi kuwapo. Huwa naitazama nikimsuka binti yangu nywele asubuhi, naye ananung'unika kwamba navuta sana.

Siku moja tulipanda treni kwenda Papenburg, kwa sababu nilitaka aone ilikozaliwa meli ya nyumbani. Liemba, meli yetu ya Ziwa Tanganyika, iliundwa pale mwaka 1913, ikiitwa Graf von Götzen. Iliunganishwa, ikafunguliwa tena, ikafungwa kwenye masanduku, ikavuka bahari, ikapanda reli ya kati mpaka Kigoma na kuunganishwa upya kando ya ziwa. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha isiangukie mikononi mwa adui, Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi majini kwa jina la Liemba. Binti yangu aliuliza walijuaje kipande kipi kinakwenda wapi. Nikamwambia kila kipande kilikuwa na alama yake. Njiani kurudi nikawaza kwamba sisi tulivuka bila alama. Ofisi ya kodi inaona watu wawili wasiohusiana, ofisi ya ukaazi inaona mtoto na mzazi wake, na chekechea wanaona mtoto mwenye jina la ukoo la mama yake na mwanamume mweusi mwenye jina lingine amesimama getini. Mara ya kwanza nilipokwenda kumchukua, mwalimu alinizuia kwa adabu na kwenda kutazama orodha, huku binti yangu ananiita "Baba!" kwa Kiswahili mbele ya wazazi wote. Jina langu lilikuwamo. Dakika zile chache bado zinanikaa kooni.

Lakini kilichonifanya niandike ni usiku mmoja wa Novemba 2023. Mwenzangu alishikwa na maumivu ya tumbo, akachukuliwa na gari la wagonjwa, na tulipofika mimi na mtoto alikuwa ameshaingizwa chumba cha upasuaji, hana fahamu. Daktari akaniuliza, wewe ni mume wake? Nikasema ni mwenza wangu, tuko pamoja miaka sita, huyu hapa mtoto wetu. Akauliza kama nina hati ya mamlaka ya kumwamulia, iliyosainiwa naye. Sikuwa nayo. Tangu Januari 2023, mume au mke wa ndoa anaweza kumwamulia mwenzake asiyejiweza mambo ya matibabu kwa muda wa hadi miezi 6. Mwenza hana haki hiyo. Wakampigia simu mama yake mzazi, anayeishi mwendo wa saa tatu kwa gari, na mimi nikabaki kwenye kiti cha plastiki kwenye korido, mtoto amelala mapajani amevaa koti juu ya nguo za kulalia. Sikuambiwa kitu mpaka mama mkwe alipofika alfajiri. Daktari hakunidharau, alifuata sheria. Lakini nilikumbuka mtoto wetu alipolazwa na malaria Kigoma: kabla ya saa sita mchana kulikuwa na chupa tatu za chai, sufuria la uji, mkeka chini ya mwembe wa hospitali, na wanawake wa Katubuka wakipokezana kuingia. Hakuna aliyeulizwa yeye ni nani wa mgonjwa.

Mwenzangu alipona. Wiki aliyorudi nyumbani tuliandikiana hati za mamlaka na wosia. Zote zimo kwenye droo ya jikoni.

Haki niseme na upande wa pili. Huku binti yangu hajawahi kuitwa mtoto wa nje. Mbele ya sheria yao mtoto aliyezaliwa bila ndoa anamrithi baba yake sawa na mwingine yeyote, na shuleni hakuna anayeuliza. Kwetu lile neno baya bado linatamkwa, hata na watu wa ibada, hata mbele ya mtoto mwenyewe, na mwanamke ndiye anayelibeba. Majirani wetu walitupokea, lakini nimejiuliza mara nyingi kama wangempokea hivyo dada yangu angezaa na mtu bila posa. Nadhani wasingempokea. Hilo ni deni letu, na linaniuma zaidi ya korido ya hospitali.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Mwanga, jibu langu ni hili. Ndoa ni karatasi, ndiyo, na mnahamia nchi inayowatambua watu kwa karatasi. Kama mnapendana na hamna kinachowazuia, fungeni ndoa ya bomani Kigoma kabla ya kuondoka. Notisi ni siku 21. Hapo mtapata karatasi na mashahidi kwa pamoja, wazee wako wakiwapo. Kuoana mkiwa huku ni safari ndefu zaidi: vyeti vya kutoka nyumbani, kuvihakiki, kuvitafsiri, kungoja. Wako wanaochoka na kwenda kuoana Denmark, harusi ya watu wawili na mpiga picha.

Na kama hamtaki ndoa, siwalazimishi, lakini msipande ndege bila yale matamko mawili juu ya mtoto, na msimalize mwezi wa kwanza bila hati za mamlaka na wosia. Mwambie mwenzako pia, kwa upole, kwamba kazi hii ni yake kuliko yako. Ni nchi yake, lugha ni yake, barua zitakuja kwa jina lake. Mwenzangu alidhani mapenzi yetu yanajieleza yenyewe, nami niliona aibu kudai karatasi nisije nikaonekana nimefuata viza. Aibu hiyo iache Kigoma.

Jambo moja hamtaliweza wala mimi sijaliweza. Ujerumani inaruhusu uraia wa nchi mbili tangu Juni 2024, kwetu bado. Binti yangu akifika miaka 18 itabidi achague. Sasa hivi hajui, na sijamwambia.

Sisi tunarudi Kigoma Julai, wote watatu. Mwenzangu ameshapata cheti cha kwao kinachoonyesha hana ndoa, na baba mdogo ameshapita bomani kuuliza utaratibu. Jana nilimpigia mama kumweleza kwamba safari hii tunakuja kufunga ndoa. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sawa, mwanangu. Mwambie mkwe wangu nimeanza kumwekea dagaa, wale wa kuanikwa kwenye mchanga safi, wasio na mawe." Amemwita mkwe tangu siku ile ya beseni.