Vyeti vingi, Bunge limefungwa

Juzi jioni nilikuwa nimejinyoosha mkekani nangoja umeme urudi, simu mkononi, mara nikakutana na picha. Ukumbi wa hoteli, Kuwait. Bendera mbili zimesimamishwa kama bwana na bibi harusi, vijana kama thelathini wameshika vyeti, meno nje, balozi katikati yao. Chini ya picha wameandika kwamba vijana hawa wamehitimu mafunzo ya uongozi na ushiriki wa raia, na ubalozi unajivunia kuwalea viongozi wa kesho.

Viongozi wa wapi, jamani? Watagombea nini? Nauliza kwa adabu zangu zote.

Ukumbi ule naujua. Ndani sijaingia hata siku moja, lakini eneo lake la kuegesha magari nalijua mpaka nguzo iliyochubuliwa rangi. Tangu 2017 hadi mwisho wa 2024 nilikuwa dereva wa nyumba moja Jabriya, na mwaka 2019 nilimpeleka binti wa bosi kwenye warsha kama hiyo, siku tatu mfululizo. Saa mbili asubuhi namshusha, saa kumi namchukua. Ubalozi ulioandaa sitautaja. Ni wa nchi kubwa, inatosha.

Siku ya pili njiani akanisimulia walichofundishwa. Namna ya kumsikiliza mtu mnayepingana naye. Namna ya kuandaa kampeni. Namna ya kumwandikia mbunge barua.

Barua! Mimi niko kwenye usukani nauma mdomo nisicheke. Kila Jumatatu usiku baba yake yule binti alikuwa na mbunge sebuleni kwake, anakula tende zake huku akikaripiwa na wazee kwa sababu barabara ya mtaa imejaa mashimo. Barua ya nini, na mtu mwenyewe umemkalisha mbele yako?

Diwaniya hiyo. Msomaji wa Lamu au wa Mji Mkongwe nikimwambia baraza atanielewa nusu. Ni chumba kizima, mara nyingi chenye mlango wake wa kuingilia kutoka nje, makochi yamezunguka kuta zote, kahawa haikatiki, na mtu anaingia bila kualikwa. Mabaraza yetu tunapiga bao na kusema watu. Ya kwao pia wanasema watu, ila wanaosemwa ni mawaziri, na wakati mwingine waziri mwenyewe amekaa pale pale. Mgombea asiyezunguka diwaniya hakuwa mgombea. Msimu wa uchaguzi tulikuwa tunazunguka nne kwa usiku mmoja, halafu tunamalizia kwenye mahema ya kampeni, ambako sahani za majbusi, wali wao wa nyama, ziliwafikia hata madereva. Mimi mwenyewe niliongezeka kilo katika demokrasia ya Kuwait.

Kwa hiyo hasira yangu ianzie hapo. Hawa ni watu wenye katiba tangu 1962 na Bunge tangu 1963, mwaka ambao Kenya ilikuwa bado inasubiri Desemba ifike. Bunge lao lilipovunjwa 1986, walitumia hizo hizo diwaniya. Mwishoni mwa 1989 na mwanzoni mwa 1990 wakawa wanakutana kila Jumatatu, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, kudai katiba irudi. Polisi wakaja kuziba milango, watu wakapigwa. Babu yake yule binti alikuwemo. Mzee alikuwa akisimulia huku amenyoosha kidole kwenye goti lake, kana kwamba goti ndilo shahidi.

Na wanawake? Mwaka 1999 Amiri Jaber, mtawala wa nchi, alitoa amri wapewe haki ya kura, Bunge likaikataa mwezi Novemba, na mswada wa wabunge wa jambo hilo hilo ukaanguka mwezi huo huo kwa kura 32 dhidi ya 30. Kura mbili tu! Hawakukaa kulia. Walirudi mahakamani, walirudi barabarani, na tarehe 16 Mei 2005 wakashinda, 35 kwa 23. Mwaka 2009 wanawake wanne wakaingia bungeni, Massouma al-Mubarak, Rola Dashti, Aseel al-Awadhi na Salwa al-Jassar. Mwaka 2006 vijana waliovaa rangi ya chungwa walipiga kambi mbele ya Bunge wakiimba "nabiha khamsa", tunayataka matano, yaani majimbo ya uchaguzi yapunguzwe kutoka 25 hadi 5 ili kura zisinunulike kirahisi. Mvutano ukavunja Bunge, uchaguzi ukaitishwa, na majimbo yakawa matano.

Sasa mtu aliyekulia humo unamkalisha hotelini siku tatu, unambandikia makaratasi makubwa ukutani, unamfundisha kwamba raia ana sauti. Ni kumfundisha Mbajuni kutweka tanga.

(Hizi warsha na sisi tunazijua. Nani hajawahi kuhudhuria elimu ya uraia Mombasa ambayo kipengele kilichosubiriwa kwa hamu kilikuwa kusaini karatasi ya nauli? Mjomba wangu ana mikoba saba ya nguo yenye nembo za wafadhili. Anaendea sokoni kununua samaki.)

Lakini ningewasamehe. Kumfundisha mtu anachokijua ni ushamba tu, haumuui mtu. Kilichonitoa kwenye mkeka ni kingine.

Ijumaa ya tarehe 10 Mei 2024. Watu walikuwa wamepiga kura tarehe 4 Aprili, Bunge jipya lilipangiwa kuanza vikao tarehe 14 Mei. Siku nne kabla, Amiri Mishal akatokea kwenye televisheni, akalivunja na kusimamisha baadhi ya vifungu vya katiba kwa muda usiozidi miaka minne. Wabunge wamechaguliwa na hawajaketi hata siku moja. Usiku ule nilikuwa nimeegesha nje ya diwaniya moja pamoja na madereva wenzangu, Mhindi wa Kerala na kijana wa Sri Lanka, tunakunywa chai ya karak. Kelele tulizozizoea hazikuwapo. Mzee mmoja alitoka, akasimama kizingitini bila viatu, akawasha sigara, akavuta mara mbili, akaitupa, akarudi ndani. Mhindi akaniuliza, "Kuna msiba?" Nikamwambia sijui.

Nikajisemea, haya, sasa tutawasikia wale wa vyeti. Kwa muda wa wiki mbili nilikuwa nafungua ukurasa wa ubalozi ule kama mtu anayefuatilia matokeo ya ligi. Nikaona saa za kazi za ofisi ya viza. Nikaona pongezi za sikukuu. Nikaona balozi amevaa kofia anapanda mti. Kuhusu Bunge la nchi aliyomo, Bunge ambalo waliwafundisha watoto wa watu kuliandikia barua, sikuona sentensi moja.

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, tulifundishwa chuoni kabla hatujajua kusoma. Kumweleza Mkuwaiti kwamba Bunge ni kitu kizuri, kazi hiyo mama yake anaiweza, babu yake anaiweza, mwuza duka wa mtaani anaiweza. Kuna jambo moja ambalo raia wa kawaida halisemi bila kujiuliza atalala wapi usiku huo, na balozi analisema kisha anarudi nyumbani kula chakula cha jioni: kwamba Bunge halikupaswa kufungwa, na tunataka kujua litafunguliwa lini. Sentensi hiyo moja ingekuwa na thamani kuliko kumbi zote za hoteli walizozikodi. Na ndiyo hiyo hiyo waliyoibana.

Msiniambie haiwezekani, eti diplomasia. Baada ya Iraki kuivamia Kuwait tarehe 2 Agosti 1990, watawala wakiwa uhamishoni Saudia, Wakuwaiti walikutana nao Jeddah mwezi Oktoba na kupata ahadi kwamba katiba ya 1962 itarudi. Vita vilipokwisha 1991 Wakuwaiti waliishikilia ahadi hiyo, na Wamarekani, ambao walikuwa wametoka kupigania nchi ile mbele ya kamera za dunia nzima, walitaka iheshimiwe na walisema. Oktoba 1992 watu wakapiga kura. Kumbe neno huwa linatoka likitakiwa kutoka.

Haya, nikubali yaliyo ya kukubali, ingawa sipendi. Yule binti kabla ya warsha alikuwa akiongea na watu wazima anaangalia zulia. Baada yake alianza kubishana na baba yake ndani ya gari, tena kwa hoja, mpaka mzee akawa ananiangalia kwenye kioo kama anayeomba msaada. Hilo walilifanya, nawapa. Na Bunge lenyewe halikuwa malaika. Ndilo lililowanyima wanawake kura. Kura za mchujo za kikabila zilipigwa marufuku 1998 na zikaendelea vile vile, tena sisi madereva ndio tuliowapeleka watu. Chaguzi nne kati ya Desemba 2020 na Aprili 2024, mawaziri wanahojiwa, serikali inajiuzulu, tunarudi mwanzo. Bosi wangu mwenyewe, ambaye hakukosa kupiga kura hata mara moja, siku ile ya Mei alisema labda sasa mashimo yatazibwa. Wako wengi waliochoka kama yeye. Mtu akichoka na nyumba yake, lakini, mgeni aliyekuwa akiisifia kila siku hageuki akanyamaza inapopigwa kufuli.

Tena ni afadhali kwingine ambako angalau kulikuwa na mtu wa kufukuzwa. Mwaka 2012 Emarati zilifunga ofisi ya taasisi ya Kimarekani ya demokrasia, NDI, pamoja na ile ya Konrad Adenauer ya Wajerumani. Julai 2014 Bahrain ilimwambia Tom Malinowski, afisa wa Marekani wa haki za binadamu, afunge virago kwa kuwa alikutana na chama cha upinzani cha al-Wefaq. Manowari za Marekani zilizotia nanga Manama hazikutikisika hata kidogo, lakini mtu alifukuzwa, maana yake alikuwa amesema kitu. Afukuzwe nani kwa kupanda mti?

Siku hizi hata kujifanya wameacha. Mei 2025 Rais Trump alisimama Riyadh akawasema vibaya watu wa Magharibi wanaokuja kuwahutubia Waarabu jinsi ya kuishi, akapigiwa makofi. Julai mwaka huo huo balozi za Marekani zikaelekezwa zisitoe maoni kama uchaguzi wa nchi nyingine ulikuwa wa haki au la, isipokuwa kukiwa na maslahi makubwa. Nakiri kuna kijisehemu changu kilichofurahi kusikia angalau unafiki umepunguzwa. Kikafurahi kama dakika tano hivi.

Maana kule Kuwait mambo hayakusimama kwenye kufuli. Tangu 2024 makumi ya maelfu ya watu wamevuliwa uraia, wengi wao wanawake walioupata kwa kuolewa na Wakuwaiti. Mama mtu mzima, ana wajukuu, ameukana uraia wa kwao zamani ili apewe huu, anasoma jina lake kwenye orodha gazetini. Namjua mmoja, jirani wa bosi. Alikuwa akitutumia madereva harisi siku za Ramadhani, na alikuwa akiniita "ewe Mombasa" kwa kuwa jina langu lilimshinda. Huyo nani alimsemea? Bunge la kuhoji halipo. Ushiriki wa raia wanaufundisha hotelini, na mama wa watu hajui kama yeye bado ni raia.

Mtanikumbusha kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nimekaa nje. Kweli. Wageni ni karibu theluthi mbili ya watu wa nchi ile, na hakuna diwaniya, warsha wala Bunge lililokuwa letu. Dada zetu kina kadama, watumishi wa nyumbani, walikuwa jikoni pasipoti zao zimefungiwa kabatini. Lakini niseme kitu ambacho huenda kitawaudhi wenzangu wa huko: sheria ya wafanyakazi wa nyumbani, ile ya 2015 iliyoweka siku ya mapumziko na kikomo cha saa za kazi, ilipitishwa na Bunge hilo hilo. Utekelezaji wake ni kilio kingine. Ila palikuwa na mlango wa kubisha.

Nimeitazama tena ile picha kabla ya kuandika haya. Mada za mwaka huu zimeandikwa kwenye bango nyuma ya balozi: ujasiriamali, akili mnemba, na mwisho kabisa, kwa herufi ndogo, ushiriki wa raia.

Kijana wa Sri Lanka bado yuko kule, bado anaegesha nje ya diwaniya ile ile. Ananiambia inafunguliwa kila Jumatatu, viatu mlangoni kama kawaida. Siku hizi wanazungumza mpira na bei ya kondoo. Ramadhani iliyopita balozi alipita kusalimia. Wazee walimsifu kwa heshima zake. Anajua kupokea finjani kwa mkono wa kulia, na akitosheka, anajua kuitikisa kidogo ili asiongezewe.