Kumuuliza kijana kama anawaza kujiua

Kuna swali ambalo wazazi na walimu wengi huliogopa: "Mwanangu, unawaza kujiua?" Husema ni kumwonyesha mtoto njia asiyokuwa akiifikiria. Hofu hiyo ina msingi. Vyombo vya habari vikisimulia kinaganaga jinsi mtu alivyojitoa uhai, wapo vijana wenye hali kama yake ambao hufuata. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani limewaandalia wanahabari mwongozo.

Ila kusimulia kifo si sawa na kumuuliza mtoto uliyeketi naye. Mtafiti Madelyn Gould na wenzake waliwachunguza wanafunzi 2,342 wa shule sita za sekondari katika jimbo la New York, wakachapisha matokeo mwaka 2005. Kundi moja liliulizwa kuhusu kujiua, jingine halikuulizwa. Siku mbili baadaye, walioulizwa hawakuwa na fadhaa zaidi wala mawazo mengi zaidi ya kujiua. Kinachonirudia kila mara ni hiki: wenye dalili za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, walioulizwa walionekana kuwa na fadhaa kidogo kuliko wenye sonona ambao hawakuulizwa. Yaani yule yule tunayemnyamazia kwa kumwonea huruma ndiye aliyeonekana kupata nafuu alipoulizwa.

Tatizo ni kwamba mara nyingi hatumtambui. Sonona ya kijana huweza kuja na hasira badala ya machozi. Namjua mvulana wa kidato cha pili aliyeitwa jeuri kwao: anamfokea mdogo wake, analala mchana kutwa, tumbo linamuuma kila Jumatatu. Siku moja akampa mtoto wa jirani viatu vyake vya mpira, vile alivyovililia mwaka mzima. Mama akafurahi kwamba mwanawe amepata moyo wa kutoa. Aliyeshtuka ni shangazi, aliyeona kama kijana anaaga. Alimwita jikoni wachambue mchicha, akamuuliza waziwazi. Mvulana aliendelea kuchambua kwa kitambo, kisha akasema, "Ndiyo, shangazi."

Wengine husema mzazi hana ujuzi wa kulipokea jibu kama hilo, na kweli wataalamu ni wachache, tena wengi wako mijini. Lakini mtoto asipoulizwa, hata huyo mtaalamu mmoja hatajua kwamba yupo.

Nchini Kenya, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, hadi Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi alipoamua kwamba kinakiuka Katiba. Kwa miaka yote hiyo, familia zilikuwa na sababu ya kuficha. Sababu hiyo ya kisheria imeondoka, aibu bado imo majumbani.

Mtoto akikujibu ndiyo, usimhubirie wala usimkumbushe ada uliyomlipia. Msikilize, fungia dawa na sumu za shambani, mpeleke hospitali, na usiku huo asilale peke yake.