Ruti za kuandika kwa mkono: zina kazi yake, ila hazikumbuki na hazioni

Watu wa netiweki wana ubishi wao hauishagi, upande mmoja wanasema mtu anayefungua skrini nyeusi ya amri siku hizi akaandika ip route add (amri ya kuongeza ruti, yaani njia ya kupitishia data) kapitwa na wakati, upande wa pili wakongwe wanaona kijana anayebofya bofya tu vitufe hajui pakiti (vipande vya data) zinapita wapi. Mi naona wote wamekosea swali. Ishu sio skrini nyeusi au vitufe, ishu ni nani ataikumbuka hiyo ruti kesho na nani atajua ikifa.

Chukua ofisi ya kawaida, makao makuu na tawi moja. Intaneti inatoka kwa rauta 192.168.1.1, halafu kuna kiboksi cha VPN (njia ya siri ndani ya intaneti) 192.168.1.254 kinachoenda tawini kwenye seva ya mahesabu. Unachohitaji ni mstari mmoja tu kwenye seva ya Linux ya hapo ofisini, `ip route add 10.20.0.0/16 via 192.168.1.254`, basi, kerneli (kiini cha Linux) yenyewe ikikuta anwani ya 10.20 inaipeleka kwa kiboksi na vingine vyote vinafuata ruti ya jumla, ile ya kwenda rauta ya intaneti, maana sheria ni ile ile siku zote, ruti iliyo mahususi zaidi ndo inashinda. Hutaki kuamini, andika `ip route get 10.20.5.9` na itakujibu hapo hapo inapita geitiwei gani (kifaa kinachopokea pakiti kuzipeleka mbele) na intafesi gani (tundu la netiweki). Hakuna ukurasa wa vitufe nimewahi kuuona unaojibu haraka hivo. Na kwa tawi moja lenye njia moja, kumwekea mtu OSPF (itifaki ya rauta kuambiana njia zenyewe) ni kumuongezea kitu cha kuharibika, maana njia ikikatika OSPF nayo haina pa kukupeleka.

Hapo wakongwe wako sahihi kabisa. Shida inaanza fundi akishaondoka.

Kwenye Linux hiyo ruti uliyoandika inakaa kwenye kumbukumbu ya kerneli tu, umeme ukikatika au mtu akiristati seva imeondoka, na hakuna atakayejua mpaka mhasibu aanze kupiga simu kwamba mfumo wa tawini haufunguki. Windows angalau unaongeza -p kwenye `route add` inabaki, ila wangapi wanaikumbuka hiyo -p? Kwa Ubuntu unatakiwa uiandike kwenye faili la netplan, kwingine unatumia amri ya nmcli, na ndo hapo watu wanavivia kwa sababu kitu kimeshafanya kazi na mteja kashafurahi.

Kubwa zaidi ni kutoona. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti Tanzania na Kenya na majirani ikawa ya kusuasua. Sasa fikiria ofisi yenye faiba na modemu ya laini ya simu ya akiba, ruti ya jumla imeandikwa kwa mkono kwenda faiba. Ikitokea hitilafu ya mbali namna hiyo taa za kwenye faiba zinawaka kijani, geitiwei ukiiping inajibu, kwa hiyo rauta haina sababu ya kuhama, inaendelea kumwaga pakiti kwenye njia isiyofika popote wakati modemu iko pembeni imekaa bure. Hata rauta za MikroTik ukiweka check-gateway=ping inapima geitiwei ya jirani tu, ndo maana mafundi wanaojua wanaifunga ile ruti na anwani ya mbali kama 8.8.8.8 ipimwe hiyo. Inasaidia, ila angalia hapo, tayari umeanza kujenga otomatiki kwa mkono.

Wanaopenda otomatiki nao wasitambe sana. Februari 24, 2008 kampuni ya simu ya Pakistan iliambiwa iifunge YouTube nchini mwao, wakatengeneza ruti ya 208.65.153.0/24 ya kuizima, ikavuja kupitia BGP (itifaki ambayo mitandao mikubwa inaambiana njia) hadi kwa kampuni ya PCCW na huko ikasambaa duniani. YouTube wenyewe walikuwa wanatangaza /22, na /24 ni mahususi zaidi (namba ikikua, kundi la anwani linakuwa dogo), kwa hiyo dunia ikafuata Pakistan, YouTube haipatikani kama masaa 2 hivi. Sheria ile ile ya ofisini kwako! Ruti ya kwao wenyewe ingebaki kwao tu, kilichoibeba nje ni itifaki iliyoamini kila ilichoambiwa. Halafu Oktoba 4, 2021 Facebook, amri moja ya matengenezo ikaangusha mtandao wao wa ndani, programu ya kukagua amri ilikuwa na kasoro ikaipitisha, seva zao za DNS (zinazogeuza majina ya tovuti kuwa anwani) zikaona haziwezi kufikia vituo vya data zikaondoa matangazo yao ya BGP zenyewe, WhatsApp nayo ikaenda, masaa kama 6. Otomatiki ilifanya kile ilichofundishwa kufanya, na ilibidi watu waende vituoni kwa miguu yao.

Kwa hiyo msimamo wangu, njia moja kwenda sehemu moja andika kwa mkono, jaribu, ikikubali ihamishie kwenye faili na uandike pembeni ni ya nini na nani kaiweka. Zikishakuwa njia mbili zinazotakiwa kupokezana, achana na mkono, weka OSPF au kipimo cha kueleweka cha anwani ya mbali. Na ukiwa mbali kwa SSH (kuingia kwenye kifaa kupitia mtandao) usiguse ruti ya jumla bila kamba ya kujivutia, MikroTik ina Safe Mode, Cisco una `reload in 5`, Juniper una `commit confirmed`, ukijifungia nje kifaa kinarudi kilipokuwa chenyewe.

Na we unayelipa fundi, kabla hujasaini kwamba kazi imeisha mwambie aristati seva mbele yako, halafu mhasibu afungue mfumo wa tawini.