Lithiamu si haba, kilicho haba ni umeme wa Manono

Kila nikisikia lithiamu, madini ya betri, ikiitwa madini adimu, napata wasiwasi, kwa sababu neno hilo ndilo linalowaharakisha watu kusaini mikataba. Ukweli ni kwamba kila tani ya mwamba wa dunia ina wastani wa gramu 20 hivi za lithiamu, nyingi kuliko hata madini ya risasi. Bahari nayo inayo, ila imetawanyika mno hivi kwamba kuitoa hakulipi. Kazi ni kupata mahali ilipojikusanya.

Mimi ni mtu wa Kigoma. Ng'ambo ya ziwa letu ndiko Kalemie, makao makuu ya mkoa wa Tanganyika wa Kongo, na ndani ya mkoa huo kuna mji wa Manono. Wabelgiji walianza kuchimba bati pale mwaka 1919. Jiwe la spodumini, jeupe lenye kumeta na lenye lithiamu ndani yake, lilitoka pamoja na bati, nao wakalimwaga pembeni kama makapi. Vilima vya makapi yale vimesimama kando ya mji mpaka leo. Kampuni ya AVZ ya Australia ilipopima mwamba wenyewe ilitangaza tani milioni 400, zenye asilimia 1.65 ya oksidi ya lithiamu. Lithiamu yenyewe ni chini kidogo ya nusu ya oksidi hiyo, hivyo ukipiga hesabu, tani moja ya jiwe la Manono ina kilo saba na ushee za lithiamu, karibu kutosha betri ya gari moja la umeme.

Utajiri huo ukazaa ugomvi. AVZ, Zijin ya China na Cominière, shirika la serikali ya Kongo, wakavutana mpaka kwenye usuluhishi wa kimataifa. Wakati wanavutana, bei haikuwasubiri: tani ya kaboneti ya lithiamu, unga unaouzwa kwa viwanda vya betri, iliyopita dola 80,000 nchini China mwishoni mwa 2022 ilishuka hadi kwenye dola 10,000 hivi mwaka 2024. Wanunuzi wanayo Australia, wanayo Chile. Anayewaambia Wakongo kwamba dunia haina pengine pa kwenda anawadanganya.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Spodumini lazima ichomwe kwa joto la nyuzi 1,000 na zaidi ndipo tindikali iweze kuitoa lithiamu. Bila umeme wa uhakika, kitakachopakiwa kwenye malori ni makinikia tu, yaani mchanga wa madini usiosafishwa, neno ambalo sisi Watanzania tulilijua vizuri mwaka 2017 serikali ilipozuia kuusafirisha nje. Na Manono ilikuwa na umeme wake! Bwawa la Piana Mwanga, mto Luvua, liliendesha migodi ya bati enzi hizo, kisha likaharibika na kunyamaza miaka mingi.

Kwa hiyo mkataba wowote wa Manono ukitangazwa, sitaanza na mrabaha wala hisa. Nitatafuta ukurasa unaosema Piana Mwanga itawashwa lini, na nyaya zake zitafika kwenye nyumba ngapi za mji ule.