Uponyaji Uliolipiwa na Wasioulizwa

Mwanamke aliyepata fistula ya uzazi, yaani tundu linaloachwa na uchungu wa kujifungua uliodumu mno bila msaada, huvuja mkojo usiku na mchana, na mara nyingi hukimbiwa na mume na kutengwa na majirani. Hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam huwatibu wanawake hao bila malipo. Sidhani kama ipo furaha iliyo halali kuliko ya mama anayerudi kwao amepona. Hata hivyo, upasuaji unaomponya una historia yake.

Kati ya mwaka 1845 na 1849, mjini Montgomery katika jimbo la Alabama nchini Marekani, daktari James Marion Sims aliwafanyia majaribio wanawake watumwa waliokuwa na maradhi hayo, ambao kati yao tunayajua majina matatu tu: Anarcha, Lucy na Betsey. Anarcha, aliyekuwa bado msichana, alipasuliwa mara 30 hivi hadi jeraha lake lilipozibwa kwa nyuzi za fedha. Hawakupewa dawa ya usingizi. Sims mwenyewe aliandika katika kumbukumbu zake kwamba mateso ya Lucy yalipita kiasi.

Watetezi wake husema kwamba wanawake hao nao walitamani kupona, na kwamba mateso ya wachache yamewafaa wengi wasiohesabika. Hoja ya kwanza siipuuzi, kwani nani asingetamani kupona? Ila mtu ambaye sheria inamhesabu kuwa mali ya mwingine hana namna ya kukataa, na asiyeweza kukataa hawezi kusemwa kuwa ameridhia. Hoja ya pili ndiyo inayonikera zaidi, kwa sababu anayepiga hesabu hiyo ya wachache kwa wengi hamweki kamwe binti yake upande wa wachache: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Tena, matumizi ya etha, dawa ya usingizi, katika upasuaji yalionyeshwa hadharani mjini Boston mwaka 1846, na visu viliendelea Montgomery kwa takriban miaka mitatu zaidi bila hiyo etha. Maumivu hayo hayakumnunulia mtu yeyote uponyaji, nasi tunayaita ya lazima kwa kuwa tumeshakula matunda.

Je, mgonjwa wa leo aikatae tiba? La hasha; yeye hakushiriki dhuluma, na kukataa kwake hakumpunguzii Anarcha chochote. Ninachopinga ni shukrani kupelekwa kusikostahili. Sanamu ya Sims ilisimama katika bustani ya Central Park mjini New York hadi ilipoondolewa mwaka 2018, na sanamu za wanawake hao watatu zilisimamishwa Montgomery mwaka 2021, kwa kazi ya msanii Michelle Browder. Kifaa cha kupimia wanawake kinachoitwa kwa jina la Sims bado kimo mikononi mwa wanafunzi wa udaktari, na mwalimu anayewafundisha kukishika anapaswa, katika somo hilohilo, kuwatajia Anarcha, Lucy na Betsey na kuwaeleza walivyotendewa.