Ziro ya kidato cha pili haisemi imetoka wapi

Kila Januari Baraza la Mitihani la Tanzania linapotangaza matokeo ya upimaji wa kitaifa wa kidato cha pili, kichwa cha habari kinakuwa kile kile. Kwa matokeo ya 2022, 2023 na 2024, takriban wanafunzi 85 katika kila 100 walipata ufaulu wa kuingia kidato cha tatu. Ni wengi, na walimu waliowafikisha hapo wanastahili pongezi. Mimi hubaki na wale 15. Katika upimaji wa 2024 peke yake walizidi laki moja. Watoto laki moja ni shule 200 zenye wanafunzi 500 kila moja, zote zimepata ziro, kuanzia aliyekaa dawati la mbele hadi aliyekaa mlangoni. Wengi wao hawajafika hata miaka 17. Kwa utaratibu tuliouzoea wanakariri darasa, na akifeli tena mwaka unaofuata mtoto anaondoka shuleni, labda mzazi awe na uwezo wa kumlipia asome QT mitaani, njia ya watahiniwa wa kujitegemea.

Mjadala wa nini kifanyike kabla Novemba, mwezi wa upimaji, haijafika umegawa walimu. Mwaka 2020 serikali ilitoa mwongozo wa malezi, unasihi (yaani kumsikiliza mtoto na kumshauri) na ulinzi wa mtoto shuleni, na mwaka huo huo Benki ya Dunia ilipitisha dola milioni 500 za SEQUIP, mradi wa kuboresha elimu ya sekondari, ambao ndani yake unasihi ni sehemu ya mpango wa shule salama. Kwenye makaratasi, basi, mwalimu mnasihi yupo. Ofisini mwa walimu jambo hili lina jina jingine: kubembeleza watoto.

Wanaolipinga wana hoja nzito. Mtoto huyu, wanasema, amesoma miaka saba kwa Kiswahili, na Januari moja anakuta baiolojia, jiografia na hisabati zote zimegeuka Kiingereza. Kozi ya wiki chache ya kumwandaa haiwezi kufidia miaka saba. Tazama pia hisabati: katika mtihani wa kidato cha nne wa 2023, waliofaulu somo hilo walikuwa takriban robo ya watahiniwa. Robo tatu hawawezi kuwa wamefeli kwa sababu wana huzuni. Wamefeli kwa sababu mwalimu wa hisabati ni mmoja kwa mikondo sita, au hayupo kabisa na ikama imekaa hivyo mwaka wa tatu. Shilingi inayokwenda kwenye semina ya wanasihi ingemleta mwalimu wa hisabati. Na hata huyo anayeitwa mnasihi ni mwalimu yule yule mwenye vipindi kibao kwa wiki, zamu, na marundo ya daftari za kusahihisha. Atamsikiliza mtoto saa ngapi?

Nakubaliana na karibu yote hayo. Lugha ni ukuta, na hakuna mazungumzo ya chini ya mwembe yatakayoubomoa. Tatizo langu ni kwamba hoja hii inawachukulia watoto laki moja kama mtoto mmoja.

Chukua darasa moja la shule ya kata, watano waliopata ziro. Wa kwanza anatembea kilomita saba kila asubuhi, akifika kipindi cha kwanza kimeisha, na cha pili anasinzia. Wa pili wazazi wake wamempangia chumba karibu na shule ili aepuke huo mwendo, na sasa anaishi geto peke yake akiwa na miaka 15, anajipikia, na hakuna mtu mzima anayejua amelala saa ngapi au na nani. Wa tatu ni msichana ambaye kila mwezi hupotea siku nne, na daftari la mahudhurio linamwandika mtoro. Wa nne haoni ubaoni, hajawahi kupimwa macho, na amezoea kunakili kwa jirani. Wa tano hana shida yoyote isipokuwa Kiingereza: kwenye hisabati za darasa la saba alikuwa wa kwanza, lakini tangu siku alipojibu swali, darasa likacheka, hakunyosha mkono tena.

Cheti cha matokeo kinawaandikia wote watano alama moja. Na shule, kwa kuwa inaona alama tu, inawapa wote dawa moja. Wanaingizwa kambini Septemba, masomo ya ziada hadi saa mbili usiku, mitihani ya majaribio kila Jumamosi. Kambi itamsaidia wa tano, kama mwalimu atakuwa na subira. Wa kwanza itamchosha zaidi. Wa nne atanakili kwa jirani hadi usiku. Wa tatu atapotea siku zake nne, na zamu hii atakuwa na deni la mazoezi pia.

Dawa ya pili ni fimbo. Kanuni zetu bado zinairuhusu, kwa idhini ya mkuu wa shule na isiyozidi viboko vinne, ingawa kila aliyesoma nchini anajua jinsi hesabu hiyo inavyofuatwa. Nawaelewa wanaoamini fimbo iliwafikisha walipo. Lakini mtoto aliyechelewa kwa kilomita saba, ukimchapa leo, kesho ana kilomita saba zile zile na sababu moja zaidi ya kuishia njiani.

Hapa ndipo neno unasihi limeeleweka vibaya, na wenye kulitetea wamechangia kwa kulizungumza kama faraja. Kazi yake ya kwanza ni kujua. Ni pale mtu mmoja shuleni anapomuuliza mtoto wa nne swali ambalo hakuna mwalimu wa somo mwenye nafasi ya kuuliza: mbona daftari lako halifanani na la ubaoni? Jibu likipatikana, aliyefaa kumsaidia si mnasihi tena. Ni kliniki ya macho. Wa pili ni wa kuitiwa mzazi na afisa ustawi wa jamii. Wa tano ni wa mwalimu wa Kiingereza. Hata huyo mwalimu wa hisabati tunayemlilia, akiletwa kesho, atahitaji kuambiwa nani hamwelewi kwa sababu ya hesabu na nani kwa sababu ya njaa.

Nako kujua hakuhitaji kusubiri Novemba. Nchini Marekani, Robert Balfanz na wenzake waliwafuatilia wanafunzi wa darasa la sita wa shule za umma za Philadelphia kwa miaka, wakatafuta dalili zinazotangulia kuacha shule. Walizopata ni za kawaida mno: mahudhurio chini ya asilimia 80, kufeli hisabati, kufeli lugha, tabia kuharibika darasani. Mwenye hata moja ya dalili hizo alikuwa na nafasi ndogo sana ya kumaliza sekondari kwa wakati, kama mmoja hadi wawili kati ya kumi. Philadelphia si Kwimba ya mkoani Mwanza, na sitaki kuhamisha asilimia zao. Ninachokichukua ni chombo walichotumia, kwa sababu tunacho. Kila darasa la Tanzania lina daftari la mahudhurio. Huitwa kila asubuhi, huwekwa alama, hujumlishwa mwisho wa mwezi, na jumla hiyo hupelekwa halmashauri kama takwimu. Kufikia Aprili ya kidato cha kwanza, miezi 19 kabla ya upimaji, daftari lile limeshawataja kwa majina wengi wa wale watakaopata ziro. Hatujampa mtu kazi ya kulisoma.

Kuna pingamizi moja ambalo wapinzani wa unasihi hawalisemi sana, nalo ndilo linalonipa shaka kuliko mengine yote. Mtoto atamwambia nani? Mwalimu anayemsikiliza saa nne asubuhi ndiye huenda amemchapa mstarini saa moja. Aliyoyasema ofisini yanaweza kuwa kicheko cha chai ya saa nne na nusu, na msichana aliyesimulia habari za mlezi wake akajikuta anasimuliwa yeye. Kumpa mwalimu wa nidhamu cheo cha unasihi, jambo linalofanyika, ni kuufunga mlango kabla haujagongwa. Ndiyo maana nauona mpango wa shirika la CAMFED una akili: wasichana wa eneo hilo waliomaliza sekondari wanarudi shuleni kama washauri wa wadogo zao. Hawana fimbo, hawasahihishi mtihani, wanajua njia ya kilomita saba kwa sababu waliipita. Hawatoshi, na pia si wataalamu; mtoto anayenyanyaswa nyumbani anahitaji zaidi ya dada mwema.

Kuhusu gharama, kiwango kinachopendekezwa na chama cha wanasihi wa shule cha Marekani ni mnasihi mmoja kwa wanafunzi 250. Hatutakifikia karibuni, na anayedai tuanzie hapo anawapa wapinzani ushindi wa bure. Ila mkuu wa shule anaweza, bila kuomba kibali cha mtu, kumwondolea mwalimu mmoja zamu na vipindi vinne kwa wiki, akahakikisha si yule wa nidhamu, akamkabidhi madaftari ya mahudhurio ya kidato cha kwanza kila Ijumaa. Vipindi vinne ni dakika 160. Ukimpa kila mtoto dakika 20, ni watoto wanane kwa wiki, na kabla ya likizo ya Juni kila jina lenye alama nyingi za utoro litakuwa limeulizwa mara moja, na mtu asiyeshika fimbo, kwa nini.