Nafasi ya Shule ya Kata na Watoto Wasiofika Chumba cha Mtihani

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka leo, kesho kutwa hapa Moshi orodha ya shule za sekondari za wilaya imeshaanza kupita simu hadi simu, kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho. Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule 10 bora kitaifa Januari 2023, likisema utaratibu huo hauna tija, lakini matokeo ya kila shule yako wazi na yeyote mwenye subira anaweza kuzipanga mwenyewe. Mjadala wa kuzipa shule nafasi kwa hiyo haukuisha, bali umeshuka wilayani, na huku unaonekana wa haki zaidi, kwa kuwa hakuna anayeiweka shule ya kata kwenye mizani moja na Ilboru inayopokea vijana wa vipaji maalumu kutoka nchi nzima. Ni kata kwa kata.

Wanaoutetea ulinganisho huu wana hoja ya kweli. Shule za kata za halmashauri moja zina mwajiri mmoja, muhtasari mmoja, mtihani mmoja na ruzuku ileile ya shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na zikipishana sana mzazi ana haki ya kuuliza kulikoni. Bila orodha, mwalimu asiyeingia darasani hujificha kwa urahisi nyuma ya maneno "watoto wa huku ndivyo walivyo". Ushahidi pia upo. Baada ya matokeo ya kidato cha nne ya 2012, ambapo, kama yalivyotangazwa awali, watahiniwa 6 kati ya kila 10 walipata sifuri, Serikali ilianzisha mwaka 2013 mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, ambao pamoja na mengine ulizipa shule nafasi kitaifa na kiwilaya. Watafiti Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin, walipochunguza athari zake katika shule za msingi, walikuta kwamba shule zilizokuwa mkiani mwa wilaya zao zilipandisha ufaulu.

Uchunguzi huohuo, hata hivyo, ulikuta jambo la pili ambalo watetezi wa orodha hulitaja kwa nadra: shule zilizobanwa na nafasi zao zilipunguza pia idadi ya watoto waliofika kwenye mtihani wa darasa la saba. Hapo ndipo ninapotaka tukae, kwa sababu wanaoilalamikia orodha huambiwa wanawatetea walimu wazembe, na sidhani kwamba wamesikilizwa.

Tuchukue mfano wa kubuni. Shule mbili za kata zilipokea kila moja watoto 120 wa kidato cha kwanza. Miaka minne baadaye, ya kwanza inaingiza watahiniwa 80 na 60 wanafaulu, yaani asilimia 75. Ya pili imewashikilia wanafunzi wake, inaingiza 112 na 70 wanafaulu, yaani asilimia 62.5. Katika orodha ya wilaya, ya kwanza iko juu na mkuu wake ataitwa mbele kwenye kikao cha tathmini kupokea cheti, ilhali ya pili itatakiwa kujieleza. Lakini ni ya pili iliyofaulisha watoto 10 zaidi kati ya wale 120 waliokabidhiwa. Ukigawa kwa idadi ya waliopokelewa badala ya waliofika chumba cha mtihani, ya kwanza ina asilimia 50 na ya pili ina zaidi ya 58. Orodha nzima imegeuka, na hakuna mtoto hata mmoja aliyebadilisha jibu lake. Wala si lazima mtu awe amefanya hila, maana mtoto dhaifu anayeacha shule kimyakimya huinua wastani wa shule yake sawasawa na yule aliyesukumwa nje.

Wanaoacha hawagawanyiki sawa katika wilaya. Halmashauri ya Wilaya ya Moshi inaanzia kwenye migomba ya Kibosho, Uru na Kilema na kushuka hadi tambarare ya Mabogini, Kahe na Arusha Chini. Mlimani misheni zilijenga shule tangu enzi za Wajerumani, kahawa ilisomesha baba na babu, na si ajabu mtoto kukuta nyumbani mtu wa kumsaidia Kiingereza kinachomvamia ghafla kidato cha kwanza. Tambarare kuna mpunga, miwa na mifugo, na mpunga ukianza kubeba mtoto huenda kuamia ndege alfajiri, kisha anaingia darasani saa nne akiwa na matope miguuni. Mzazi ambaye hajatoa mahindi na maharage ya makande ya mchana wakati mwingine huona aibu kumpeleka mtoto. Shule ya huko inayomfuata mtoto nyumbani na kumrudisha darasani inajishusha nafasi kwa mikono yake yenyewe. Ndivyo ilivyo pia kwa shule inayompokea tena msichana aliyejifungua, kama Serikali ilivyoruhusu Novemba 2021, kwa sababu akifanya mtihani baada ya kukosa miezi mingi ya masomo, alama yake inaingia kwenye wastani wa shule, na asiporudi haingii popote.

Kwa hiyo sioni kwamba tatizo ni kulinganisha. Ninachoona ni kwamba orodha ya sasa inaadhibu kazi tunayoitaka. Kila afisa elimu wa sekondari anazo takwimu za kidato cha kwanza za miaka minne iliyopita, na kuziandika kando ya idadi ya watahiniwa hakuhitaji fedha wala sheria mpya. Kuongeza matokeo ya darasa la saba ambayo watoto hao waliingia nayo kungeonyesha pia shule iliwapokea wakiwa wapi.

Mwaka jana, katika shule moja ya tambarare, mkuu wa shule alinitolea kabatini daftari kubwa lenye majina ya kidato cha kwanza cha miaka minne iliyopita. Mbele ya kila aliyekosekana alikuwa ameandika kwa penseli: amehama, yuko mashambani, ameolewa, hajulikani. Mistari mitatu ilikuwa imefutwa kwa ufutio hadi karatasi ikachubuka, na juu yake pameandikwa kwa kalamu ya wino: amerudi. Nilimuuliza kama daftari hilo limewahi kuombwa kwenye kikao cha tathmini. Alisema huombwa karatasi ya madaraja peke yake.